Kiraka cha Kaburi

Nilikuja kisiwa hiki kutengeneza cherehani moja, nikasema nitakaa siku mbili. Sasa ni mwaka wa thelathini na moja. Cherehani yenyewe ni ya mama mmoja mshonaji, Jwa Malsun, na ubishi wake ni uleule wa siku ya kwanza. Nadhani ndiyo maana sijaondoka, mimi ambaye kabla ya hapo sikuwahi kumaliza mwaka chini ya paa moja. Nakaa kwenye kijumba chake cha uani. Kazi yangu ni kuitia mashine mafuta, kunoa mikasi, na ukifika mwezi wa saba kwa kalenda ya mwezi, kuponda gam, yale matunda ya kutilia nguo rangi.

Gam huchumwa yangali ya kijani, magumu kama ngumi ya mtoto. Ukiuma moja, ukakasi wake unakufunga mdomo hadi jioni. Unayatwanga kwenye kinu pamoja na mbegu zake, unakanda kitambaa cheupe ndani ya rojo lile, unakikung'uta, unakianika juu ya majani. Kikikauka unakimwagia maji. Kikikauka tena, unakimwagia tena. Jua na maji ndiyo mafundi, wewe ni kibarua wao. Siku ya kwanza kitambaa kina rangi ya uji. Siku ya tano, rangi ya chai. Siku ya kumi na tano kimekuwa rangi ya chungu kilichochomwa, tena kigumu, karibu kisimame chenyewe. Nguo za shamba za watu wa hapa zote ni za gam, na kila mwanamke anajua jambo moja: kitambaa kilichopauka uwanjani ni kitambaa ambacho hakijaiva. Ukipita kwa jirani ukakuta chake kimekauka na mwenyewe hayupo, unachota kata ya maji unamwagia. Hungoji kushukuriwa. Usipomwagia ndipo utakaposemwa.

Malsun hutia rangi kama wenzake, ila hawezi kuacha kitambaa kikawa kitambaa. Kimoja atakitoa juani siku ya pili, kingine siku ya sita, kingine atakizamisha kwenye maji ya misumari yenye kutu mpaka kiwe cheusi. Halafu anakaa sakafuni na mkasi, anavikata, anavishona upya: hapa shamba la shayiri, hapa ukuta wa mawe, hapa kilima kilichojikunja kama ng'ombe aliyelala. Picha zake zimefika mpaka mji mkuu, na watu wa huko huzitazama wakiwa wameinamisha vichwa upande. Hapa kijijini hakuna aliyewahi kuinamisha kichwa.

"Kilikuwa kizima, ukakikata," humwambia jirani yetu Bibi Gannan, mwenye miaka sabini na tisa. "Sasa unakishona kiwe kizima. Si ungekiacha tu, mdogo wangu, tukanywa chai?"

Kisa cha dharau hii ni cha zamani. Kijiji hiki ni cha wanawake wapiga mbizi. Wanashuka majini bila mtungi wa hewa, kwa pumzi zao tu, wanabandua makombe kwenye miamba, wanaibuka wakipiga mluzi. Bibi Gannan bado anazama. Malsun alitiwa majini akiwa na miaka kumi na mitano, na wanasema alikunywa bahari nyingi kiasi kwamba siku ile maji yalikupwa kabla ya saa yake. Hakurudi tena. Sasa ana miaka sitini na sita na jina lake pale pwani bado ni lilelile, Miguu Mikavu.

Mwaka juzi wapiga mbizi walijengewa nyumba mpya ya kubadilishia nguo, yenye maji ya moto, na ukuta unaotazama mlango ukabaki mtupu. Mwaka huohuo Hyon Okdan, mkuu wao, mwenye miaka themanini na mitatu, aliambiwa na daktari kwamba moyo wake umechoka na bahari. Akakubali kuacha kiangazi cha mwaka uliofuata, baada ya kumtukana daktari kwanza. Ndipo Malsun alipokwenda pale wanapoota moto wakitoka majini, akasema atawashonea picha ya kijiji kama kinavyoonekana kutoka baharini, iwe zawadi ya kumuaga Okdan.

Nilikuwepo, nimebeba jiko walilonipa nilitengeneze. Kulikuwa na kicheko kwanza.

"Wewe?" Okdan akasema. "Nchi kutokea baharini? Uliiona lini?"

"Bado, shangazi. Nitaiona."

"Haya. Tukiitambua, tutaitundika. Tusipoitambua, nitaipangusia miguu. Na yangu mimi ina maji."

Wakacheka tena. Malsun naye alicheka, lakini tulipofika nyumbani alikaa mbele ya cherehani muda mrefu bila kukanyaga kanyagio.

"Fundi," akaniambia, "wale wa mji mkuu wanasifu wasichokijua. Hawa wanajua. Wakiikataa, uichukue hii mashine uondoke nayo. Sitashika sindano tena."

Nilimwambia aache utani. Alikuwa hatanii.

Basi mwezi wa nane wa mwaka huo, siku chache baada ya watu kufyeka makaburi ya wazee wao, alipanda mashua inayowapeleka wapiga mbizi. Alikwenda na daftari na ndoo ya plastiki. Mkono mmoja ulichora, mwingine ulikumbatia ndoo. Yonghwa, mdogo wao kuliko wote, mwenye miaka sitini na mmoja na ulimi wa miaka kumi na sita, alieleza kijiji kizima kwamba siku ile pweza walilishwa kama wako harusini. Malsun aliteremshwa nchi kavu akiwa wa kijani kama gam lenyewe. Lakini daftari lilikuwa limejaa.

Alishona kuanzia baridi hadi kiangazi. Picha ilikuwa na urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Bahari aliifanya kwa kitambaa cha nili. Juu yake nchi yote ya gam: mashamba yenye kuta nyeusi, mapaa, ule msonobari mmoja uliosimama kwenye ncha ya pwani, na nyuma ya vyote kilima. Chini kabisa, majini, alitia kiduara cha rangi ya chungwa alichokipata kwa maganda ya vitunguu. Hilo lilikuwa boya la Okdan, lile analoliacha likielea juu akizama. Siku ile ya ndoo mashua ilikuwa imesimama karibu nalo, na Malsun aliona si vizuri kumuaga mtu bila kumtia kwenye picha.

Na ubavuni mwa kilima, juu kidogo ya msonobari, alishona kiraka kidogo cha mraba, kilichopauka, rangi ya uji. Kaburi la baba mkwe wa Okdan, lililozungushiwa ukuta wa mawe, majani yake yamefyekwa.

Kaburi hilo lina sifa yake. Watu wengine hapa hufyeka makaburi yao mara moja kwa mwaka, kabla ya tarehe mosi ya mwezi wa nane, wakisaidiwa na watoto wanaokuja kutoka mjini wakilalamika mgongo. Okdan hulifyeka la baba mkwe wake mara tatu, mara nne. Hupanda kilima peke yake na mundu, jua kali, upepo mkali. Serikali ya wilaya ilimpa cheti cha mkwe mwema, chenye kishada cha dhahabu, na tangu hapo hakuna mke wa mtu aliyepumua. "Mtazame Okdan!" ndiyo fimbo ya mama wakwe wote wa pwani hii. Na yule mzee mwenyewe bado anasimuliwa: alikuwa akihesabu punje za shayiri kabla mkwe wake hajapika.

Zilipobaki siku nne picha itundikwe, Malsun alikitazama kilima chake akasema hakijaiva. Mvua ilikuwa imemchelewesha. Akaitandaza picha yote juu ya majani uwanjani ili kilima kipate jua la mwisho. Kile kiraka cha kaburi hakikutakiwa kuiva hata kidogo, kwa hiyo akakifunika kwa kipande cha gunia, akaweka jiwe juu. Halafu akaenda mjini kutafuta mwanzi wa kuitundikia, nami nikaenda kutengeneza pampu ya mtu.

Tuliporudi alasiri, jiwe lilikuwa pembeni. Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri, mara nne. Na kaburi lilikuwa limelowa, rangi yake imeshaanza kuelekea chai.

Malsun aliruka ukuta wa mawe kwa umri ule na kuingia kwa jirani.

"Bibi Gannan! Umemwagia picha yangu?"

Bibi Gannan alikuwa akimenya kitunguu saumu. "Nimemwagia. Asubuhi na mchana. Majirani wa nini?"

"Na lile gunia?"

"Gunia gani?"

"Lililofunika pale palipopauka!"

"Sikuona gunia, nimeona kitambaa kikavu. Lakini ningeona pamepauka ningepamwagia mara mbili. Unataka watu waseme kwa Malsun kitambaa kinaachwa kibichi?"

"Nilikiacha makusudi, dada. Makusudi!"

Bibi Gannan akamtazama kwa huruma ya kweli. "Na nguo unazikata makusudi pia," akasema. "Kula kitunguu, kitakutuliza."

Jioni hiyo Malsun alifumua kile kiraka, akatafuta kipande kingine cha siku moja ya jua, akakishona. Kesho yake akafunika kwa magunia mawili na mawe matatu, akamwapisha Bibi Gannan asimwagie, akaingia ndani kupika. Hakukaa humo hata nusu saa. Alipotoka, mawe matatu yamepangwa mstari, magunia mawili yamekunjwa, kaburi limelowa. Safari hii Bibi Gannan alikuwa majini toka alfajiri, na kijiji kizima ni mashahidi, maana alikuwa akiimba.

"Basi ni Yonghwa," Malsun akasema, macho yamemwiva. "Anataka nichekwe. Anataka ukutani nitundike kilima chenye upele."

"Yonghwa naye yuko majini," nikamwambia.

"Basi ni mzimu wa yule mzee mwenyewe. Hataki kufyekwa bure."

Akafumua mara ya pili. Alikuwa amebakiwa na kipande kimoja tu kilichopauka, cha ukubwa wa kiganja, akakikata nusu. Akatia uzi, nami nilijua anachokiwaza, kwa sababu alinipita akaipapasa cherehani kama mtu anayemuaga punda.

"Kesho usiende popote, Fundi," akaniambia. "Ukae hapo uone."

Nilikaa chini ya mchenza, nyuma ya ukuta, na birika la chai ya shayiri, nikijifanya nanoa mkasi. Malsun akaenda dukani kununua vitunguu, huku akitangaza kwa sauti kwamba anakwenda dukani kununua vitunguu. Bahari ilikuwa imetulia na wapiga mbizi wote walikuwa nje. Mluzi wao ulisikika mpaka kwetu. Wote isipokuwa mmoja, ambaye tangu juzi alisema goti linamsumbua.

Alikuja akitembea vizuri sana. Mkononi alishika kata ya maji. Alipiga magoti kando ya picha, akaondoa mawe, akakunja gunia mara nne kama mtu aliyelelewa, akamwaga maji juu ya kaburi la baba mkwe wake taratibu, akalipigapiga kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Halafu akakaa juu ya jiwe kulingoja jua.

"Dada Okdan," nikaita. "Goti limepona?"

Hakushtuka. Mtu aliyewahi kukamatwa mkono na pweza ndani ya pango, pumzi ikiwa imeisha, hashtuliwi na fundi cherehani.

"Linauma," akasema. "Ndiyo maana nimekaa."

"Na hiyo kata?"

"Nimemmwagia jirani kitambaa chake. Hujui desturi za hapa? Mwaka wa ngapi huu?"

Malsun alikuwa ameshafika langoni na vitunguu vyake. Vikamdondoka.

"Shangazi! Ni wewe?"

"Kaa chini."

"Ni wewe mara zote tatu?"

"Kaa chini, Malsun, unanizibia jua." Malsun akakaa. Okdan akanyoosha kidole kwenye kiraka. "Nani alikwambia uliweke kaburi hapo?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona."

"Ulikuwa unatapika."

"Nilitapika kwa mdomo, shangazi. Macho yalikuwa kazini."

Okdan akanitazama mimi, akaona siondoki, akashusha pumzi ile ndefu ya wapiga mbizi.

"Chini ya boya langu pana jiwe," akasema. "Halionekani kutoka juu. Lina ufa, na ufa una makombe makubwa kama sahani. Kina chake si kitu, kila mtu hapa anakifika. Kinachowashinda ni mahali. Baharini hakuna nguzo, unajipima kwa nchi. Ukiwa juu ya jiwe langu, kaburi la baba mkwe linakaa juu ya msonobari kama kofia kichwani. Ukisogea kidogo tu, upande wowote, kofia inaanguka. Miaka arobaini na minne naenda hapo mwisho, wenzangu wakishageukia nyumbani. Sijamwambia mtu. Hata binti yangu. Huyo ndiyo kabisa, ana mume mropokaji. Na wewe umekuja na ndoo yako siku moja, ukalishona! Kofia kichwani! Na boya langu umelitia chini yake, ili asiyejua ajue! Kesho kutwa mnalitundika mbele ya Yonghwa!"

Mimi nilikuwa nimeanza kukielewa kile cheti chenye kishada. Malsun hakuwa huko. Katika maneno yote yale alikuwa amesikia jambo moja tu.

"Kwa hiyo... iko sawa?"

"Nini iko sawa?"

"Picha. Nchi. Ndivyo ilivyo?"

"Isingekuwa sawa," Okdan akasema kwa hasira, "ningepanda hapa kila siku na goti hili?"

Malsun akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yakitikisika na sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko, kwa hiyo nikauangalia mkasi wangu. Ulikuwa umenolewa kupita kiasi.

"Dada Okdan," nikasema, "ule ukwe mwema basi..."

"Cheti kiko ukutani, njoo ukisome. Majani yakiota, kaburi halionekani baharini. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Yule mzee, kila aliponiona nimeshika bakuli, alikohoa ili niliweke chini. Alininyima hata makoko ya chungu. Lakini tangu afe amenilisha miaka arobaini na minne, amesomesha watoto watatu. Mimi na yeye tumepatana. Sasa lifumue."

Malsun akaondoa mikono usoni. Macho yalikuwa mekundu lakini kidevu kilikuwa kimerudi mahali pake. "Silifumui."

"Nini?"

"Bila kaburi kilima hakina jicho. Kinalala. Tazama mwenyewe likishalowa: ni mgongo wa ng'ombe tu. Nitaweka kipande cha mwisho nilichonacho, na mtu akikimwagia maji nitammwagia yeye."

Nilingoja radi. Okdan aliinama, akaitazama picha kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama picha. Alianzia majini, akapanda pwani, akapita mapaa, kuta, mashamba, akafika kilimani. Na nasema nilichokiona: aliinamisha kichwa upande.

"Basi lisogeze," akasema.

"Nihamishe kaburi la mtu?"

"Kidole kimoja. Magharibi."

"Shangazi, kaburi halihamishwi hivihivi. Lazima iulizwe siku njema, na mwenyewe aulizwe."

"Nimemuuliza. Amekubali."

"Lini?"

"Sasa hivi. Hata yeye hampendi Yonghwa. Na si uongo, wewe mwenye macho ya kazini. Ukiogelea mita thelathini magharibi, kaburi linaonekana hivyohivyo, kidole kimoja nje ya msonobari. Ni nchi ileile, umekaa mahali pengine tu."

"Na huko magharibi chini pana nini?" nikauliza.

"Mchanga," Okdan akasema. "Na jongoo bahari mmoja mzee. Nafahamiana naye."

Mazishi yalifanyika palepale. Malsun alielekea kilimani na mkasi mkononi, akainama mara mbili, kama inavyopasa kabla ya kugusa mfupa wa mtu. Pombe haikuwepo, kwa hiyo Okdan alimwaga chini kikombe cha chai yangu ya shayiri, akimwambia marehemu asione vibaya, fundi ni maskini. Kaburi la zamani likafumuliwa. Mahali pake pakajazwa kilima. Kaburi jipya likashonwa kidole kimoja magharibi, kidole cha Okdan, kilichovimba viungo, maana Malsun alipopima kwa chake mama yule alisema hicho ni chembamba mno kumdanganya mtu. Kisha Okdan akasimama akasema goti limepona, akaenda zake.

Siku ya kutundika, wapiga mbizi walijipanga mbele ya ukuta wakiwa bado na nywele zinazochuruzika. Malsun alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, upande wa kukimbilia. Kwanza kulikuwa kimya. Kimya cha wanawake hawa ni kitu cha kutisha, wamezoea kushika pumzi.

"Lile ni paa langu," Bibi Gannan akasema. "Mbona ni la kahawia? Paa langu ni la buluu."

"Gam halitoi buluu, dada."

"Umetia buluu bahari yote ukaninyima mimi?"

Hapo wakafunguka wote kwa pamoja. Huyu ameona shamba lake, yule ameona ukuta wa jirani umeingia kwake na sasa ana ushahidi, mwingine ameona njia aliyopita siku ya harusi. Mmoja akasema akitazama pale kwenye msonobari anasikia baridi ya kutoka majini. Malsun hakusogea. Alikuwa akimtazama Okdan.

Okdan aliutoka mstari miguu mitupu, akiacha nyayo za maji sakafuni, akafika karibu na picha mpaka pua ikaigusa. Akakaa hapo kitambo, kama asiyejua yaliyomo. Halafu akageuka.

"Leteni gunia jingine la kupangusia miguu," akasema. "Hili lina kazi."

Kelele zilizofuata nadhani zilifika bara. Mtu akauliza, "Ewe Miguu Mikavu, nchi yetu uliipata wapi?"

"Ndani ya ndoo," Malsun akajibu, na wakamvuta mpaka motoni, wakamkalisha katikati, mahali asipokaa mtu ambaye hajalowa.

Yonghwa peke yake alibaki mbele ya picha. Jicho moja amelifumba, kidole gumba amekinyoosha, anapima kutoka boya la chungwa hadi msonobari, kutoka msonobari hadi kaburi. Midomo ilikuwa ikihesabu. Okdan alimpita akamwambia, "Nzuri, eh?" na Yonghwa akasema nzuri sana, shangazi, nzuri sana.

Vuli nzima mluzi wa Yonghwa ulisikika upande wa magharibi. Alikuwa wa mwisho kutoka majini kila siku, akirudi na wavu mwepesi na uso mzito. Siku moja alileta jongoo bahari mkubwa mno, mwenye umri wa heshima. Okdan, ambaye sasa kazi yake ni kukaa motoni na kusahihisha watu, aliomba aonyeshwe, akamtazama, akasema arudishwe baharini, ana sura ya mtu wanayefahamiana.

Kabla ya baridi kuingia, Okdan alikuja kwetu na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa cha gam. Alikuwa akichechemea, na safari hii goti lilikuwa kweli.

"Kilima kimenishinda," akamwambia Malsun, akimpa. Ndani mlikuwa na mundu. "Majani yakiota mtu atapoteza njia. Mara tatu kwa mwaka. Mara nne mvua ikizidi."

"Mimi? Si ndugu yake, wala sizami. Kwa nini mimi?"

"Siri ya bahari unaiweka kwa nani kama si kwa asiyejua kuogelea?" Akapanga mguu wake kwa mikono, akakaa kibarazani. "Si yako kuizika. Utampa Yonghwa. Ana mapafu, na ana watoto wa mwanawe wa kuwalea. Lakini siku atakapojifunza kukuita dada, bila kufundishwa. Kabla ya hapo akae na mchanga wake."

Kwa hiyo Malsun akawa anapanda kilima na mundu, na kijiji kikaanza kunong'ona. Yonghwa alinifuata dukani.

"Fundi, hivi yule Miguu Mikavu na lile kaburi wana undugu gani?"

"Mimi najua cherehani tu," nikamwambia.

Akanitazama sana. Yonghwa ana ulimi mrefu lakini si mjinga. Nilimwona akisimama njiani, akitazama kilimani, kisha baharini, kisha kilimani.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa chini ya mchenza nikigeuza vitambaa, Malsun yuko ndani na mashine. Langoni akatokea Yonghwa na kapu la mwani mbichi, nywele amezichana. Akasimama. Akakohoa. Akalibadilisha kapu mkono.

"Dada Malsun," akaita. "Dada, upo?"

Cherehani ikasimama kidogo. Nikasubiri kusikia mlango.

"Nipo, mdogo wangu," sauti ikatoka ndani, ya mtu mwenye sindano midomoni. "Ningoje namalizia mshono."

Kisha akaukanyaga tena ule mshono, mrefu, wa upindo mzima wa bahari, wala hakuharakisha.